Kilichozeeka ni Karatasi Zako

Hotuba hii niliitoa mbele ya wahitimu wa sayansi wanaofikiria kurudi chuoni kwa masomo ya uzamili na uzamivu. Naiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wenzangu wote habari za asubuhi.

Naomba niwaulize jambo kabla sijaendelea. Nani kati yenu ana shahada ya sayansi aliyoipata miaka mitano iliyopita au zaidi? Nyoosheni mikono. Ahsanteni, ishusheni. Sasa anyooshe mkono yule ambaye amewahi kufungua fomu ya maombi ya chuo, akajaza jina, akajaza tarehe ya kuzaliwa, akafika pale wanapotaka majina ya watu watatu watakaomwandikia barua, halafu akaifunga fomu na hakuifungua tena.

Mnaona? Mikono haijapungua.

Mimi nilifundisha sekondari kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi chuoni, na leo ni miongoni mwa wanaokaa kusoma mafaili ya waombaji. Kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Na kama kuna neno moja ninalotamani mliondoke nalo hapa, ni hili: miaka uliyokaa nje ya chuo haikuangushi. Kinachokuangusha ni ushahidi uliozeeka. Alama zako ni za zamani. Mhadhiri aliyekufahamu amefundisha mamia ya wengine tangu uondoke. Mradi wako wa mwaka wa mwisho umejengwa juu ya makala ambazo zilikuwa mpya wakati huo. Wewe hujazeeka, karatasi zako ndizo zilizozeeka.

Kamati ya udahili ina swali moja. Je, mtu huyu anaweza kufanya utafiti sasa? Sasa hivi, mwaka huu, katika maabara hii? Kijana aliyehitimu mwezi uliopita analijibu swali hilo bila kuhangaika, kwa sababu kila karatasi aliyo nayo bado ni mbichi. Wewe inabidi ulijibu kwa kazi. Na kazi hiyo inawezekana, ndiyo maana nimekubali kuja kusimama hapa.

Nianze na barua, kwa sababu hapo ndipo wengi mnapokwama.

Mwaka 1884 dada mmoja wa Kimarekani, Annie Jump Cannon, alimaliza masomo katika chuo cha Wellesley, ambako alisoma fizikia. Akarudi nyumbani kwao, akakaa huko miaka kumi. Hakuwa na maabara wala darubini ya chuo. Mama yake, ambaye ndiye aliyemfundisha kuzitambua nyota utotoni, alipofariki, Annie akamwandikia barua mwalimu wake wa zamani wa fizikia, Sarah Frances Whiting. Miaka kumi imepita, jamani! Wangapi hapa wangethubutu?

Sikilizeni sasa aliomba nini. Hakuomba asifiwe, aliuliza kama kuna kazi. Whiting akampa nafasi ya kufundisha fizikia kwa ngazi ya chini, na kwa kuwa sasa yuko chuoni, Annie akaanza kusoma masomo ya juu ya fizikia na astronomia. Mwaka 1896 akaajiriwa katika kituo cha kuangalia nyota cha Harvard. Ule mpangilio wa nyota wa O, B, A, F, G, K, M ambao kila mwanafunzi wa astronomia anaukariri hadi leo ni kazi ya mikono yake, na ulipitishwa kimataifa mwaka 1922. Katika maisha yake aliainisha nyota zipatazo 350,000.

Mnaona alichokifanya? Alimpa mwalimu wake nafasi ya kumwona tena akifanya kazi. Hilo ndilo jambo ambalo waombaji wengi hawalifikirii. Wanamwandikia mhadhiri baada ya miaka minane ya kimya: "Naomba barua ya mapendekezo, mwisho ni Ijumaa." Mhadhiri ni mtu mwema, hatakataa. Atafungua kumbukumbu, ataona ulipata B katika somo lake, ataandika kwamba ulikuwa mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi mno. Haina uongo, lakini haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu haijibu lile swali letu. Anaweza kufanya utafiti sasa?

Kwa hiyo anza mapema, na anza bila kuomba barua. Mwandikie mhadhiri wako. Mkumbushe wewe ni nani: mwaka gani, somo gani, mradi gani, na kitu kimoja mahususi anachoweza kukikumbuka. Mweleze umekuwa ukifanya nini. Muulize swali la kisayansi ambalo kweli unataka jibu lake. Kama kuna semina za idara zilizo wazi, au zinazorushwa kwa mtandao, hudhuria na uulize maswali. Kama ana data iliyolala bila mtu wa kuichambua, na wahadhiri wengi wanayo, omba uisafishe na uichambue jioni zako. Baada ya miezi sita ya namna hiyo, mhadhiri huyo ana jambo la kuandika ambalo amelishuhudia mwenyewe.

Mtaniuliza: na kama mhadhiri wangu amestaafu? Mhadhiri mstaafu bado anaandika barua, na mara nyingi ana muda zaidi. Kama ametangulia mbele ya haki? Nenda kwa mkuu wa idara, kuna kumbukumbu, kuna mtu mwingine aliyekusimamia kwenye mazoezi ya maabara. Na si lazima barua zote tatu zitoke chuoni. Changanya: mmoja anayeujua uwezo wako wa darasani, mmoja aliyekuona kazini ukitatua jambo gumu, na mmoja aliyefanya nawe kazi ya kisayansi hivi karibuni. Bosi wako anaweza kuandika barua nzuri sana, ilimradi umwelekeze kwamba kamati haitaki kusikia ulikuwa unawahi kazini. Inataka kusikia siku ile mtambo ulipokataa, wewe ulifikiri nini na ulifanya nini.

Kila mwandishi wa barua mpe ukurasa mmoja: unaomba wapi, kwa nini, tarehe za mwisho, nakala ya matokeo, wasifu wako, na mambo mawili matatu unayoomba ayaguse. Mpe mwezi mzima, si wiki. Na fomu ikikuuliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua hiyo, achia. Barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Tusogee.

Jambo la pili ni ile miaka yenyewe. Waombaji wengi huandika juu ya miaka yao ya kazi kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. "Kwa bahati mbaya baada ya shahada ya kwanza sikuweza kuendelea." "Nililazimika kufanya kazi za kawaida." Nawaomba, ndugu zangu, muifute sentensi hiyo. Ifuteni leo usiku.

Niwape mfano wa dada mmoja niliyemsaidia kupitia maombi yake. Alikuwa mfanyakazi wa maabara ya kupima maji. Katika rasimu yake ya kwanza, kazi hiyo ya miaka mingi ilipewa mistari miwili: "Nimekuwa nikipima ubora wa maji kwa kufuata taratibu." Nikamuuliza: hakuna siku majibu yaligoma kuelewana? Akacheka. Akaniambia zilikuwepo Jumatatu nyingi ambazo nitrati ya chanzo fulani ilisoma tofauti kabisa na siku nyingine, chanzo kilekile, msimu uleule. Wenzake walisema ni mashine. Yeye akaosha kuveti, vile vichupa vya kupimia, akatengeneza upya miyeyusho ya kulinganishia, akachora tena mstari wa vipimo, na mashine ikaonekana haina kasoro. Ndipo akatazama daftari la mapokezi. Sampuli za Jumatatu zilikuwa zimeletwa Ijumaa jioni, na zilikaa juu ya meza mwisho wote wa wiki.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alichukua maji ya chanzo kimoja, akayagawa kwenye chupa mbili. Moja akaiweka kwenye friji, nyuzi 4. Nyingine akaiacha mezani. Akazipima zote mbili siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Iliyokuwa kwenye friji haikuyumba. Ya mezani ikabadilika, kwa sababu bakteria walio ndani ya maji hawalali, wanaendelea kubadilisha misombo ya naitrojeni hata ndani ya chupa. Ndiyo maana taratibu za vipimo husema sampuli ya nitrati ikae kwenye baridi na ipimwe ndani ya saa 48. Yeye alikuwa ameisoma sheria hiyo ukutani kila siku, lakini hapo ndipo alipoithibitisha kwa mkono wake.

Niambieni: hicho ni nini kama si utafiti? Kulikuwa na jambo lisiloeleweka. Kulikuwa na maelezo mawili yanayoshindana. Kulikuwa na jaribio lenye sampuli ya kulinganisha. Kulikuwa na hitimisho lililobadilisha utaratibu wa maabara nzima. Na mwenye kazi hiyo alikuwa ameiandika kwa mistari miwili, kwa aibu! Tulipoiandika upya ikawa ndiyo aya ya kwanza ya insha yake ya malengo, na sehemu zote mbili zilizomwita kwenye usaili zilimuuliza kuhusu chupa zile mbili.

Kila mmoja wenu ana chupa zake mbili. Uliyefundisha shule, umewahi kutafuta kwa nini wanafunzi wanakosea swali lilelile mwaka hadi mwaka, ukabadilisha njia na kupima matokeo. Uliyekaa kiwandani, umewahi kufuatilia chanzo cha bidhaa mbovu. Uliyekuwa mhasibu na shahada yako ya hisabati, umejenga modeli, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Na wewe uliyekaa nyumbani kulea mtoto au kumuuguza mzazi, huna haja ya kuigeuza miaka hiyo kuwa maabara. Andika sentensi moja ya heshima, "kuanzia mwaka fulani hadi fulani nilikuwa na jukumu la familia", kisha endelea na unachofanya sasa. Hakuna anayestahili zaidi ya sentensi hiyo moja.

Mnamkumbuka Jane Goodall? Alifanya kazi za ukatibu. Hakuwa hata na shahada ya kwanza alipofika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Akawaona wakichomeka majani kwenye vichuguu ili kuvua mchwa, wakati wataalamu wengi walishikilia kwamba kutengeneza na kutumia zana ni jambo la binadamu peke yake. Mwaka 1962 Cambridge ikampokea moja kwa moja kwenye uzamivu. Nakiri kwamba njia hiyo ni nadra mno, wala simwambii mtu aitegemee, na yeye alikuwa na Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa mabaki ya binadamu wa kale, wa kumfungulia mlango. Lakini tazameni alikuja na nini mkononi: alikuja na uchunguzi ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halipendezi. Sayansi haikukusubiri.

Kama ulihitimu kabla ya mwaka 2012, uliondoka kabla chembe ya Higgs haijathibitishwa kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, na kabla ya CRISPR kuonyeshwa kuwa chombo cha kukata DNA mahali unapopataka. Kama ulihitimu kabla ya 2016, uliondoka kabla dunia haijatangaziwa mawimbi ya mvutano yaliyonaswa na vituo vya LIGO vya Marekani. Hata kilo si ile uliyofundishwa. Hadi Mei 2019 kilo ilikuwa kipande cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris, na sasa inatokana na kiwango thabiti cha Planck, namba ya asili isiyobadilika. Kutabiri umbo la protini, kazi iliyowatesa watu kwa miaka hamsini, ilipiga hatua kubwa mwaka 2020 kwa programu ya AlphaFold, na mwaka 2024 waliohusika wakapewa Nobeli ya kemia. Na karibu kila fani sasa inadai uandike msimbo, yaani programu za kompyuta. Ukiwa ulijifunza lugha ya programu ya Python zamani, toleo la 2 lilifungwa rasmi Januari 2020.

Je, ni sababu ya kukata tamaa? Niwaeleze habari ya Ingeborg Rapoport.

Mwaka 1938, katika Chuo Kikuu cha Hamburg, daktari huyu alikuwa amemaliza tasnifu yake juu ya ugonjwa wa dondakoo. Akanyimwa mtihani wa mdomo. Kwa nini? Kwa sababu mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na Ujerumani ilikuwa chini ya Wanazi. Akakimbilia Marekani, akasomea tena udaktari, baadaye akawa profesa wa tiba ya watoto wachanga kule Berlin. Mwaka 2015, miaka 77 baadaye, chuo kikakubali kumfanyia mtihani ule. Alikuwa na miaka 102.

Wangeweza kumpa shahada ya heshima, makofi yakapigwa, yakaisha. Lakini ulikuwa mtihani wa kweli, mbele ya maprofesa watatu, sebuleni kwake. Na dondakoo ya 2015 haikuwa ile ya 1938: kulikuwa na miongo ya utafiti juu ya sumu ya bakteria wale na namna inavyofanya kazi mwilini. Macho yake yalikuwa hayamwezeshi tena kusoma vizuri. Basi marafiki na jamaa wakawa wanamtafutia utafiti wa miaka hiyo na kumweleza, naye akajifunza kwa kusikiliza. Akafaulu.

Nawauliza kwa upole: sisi wenye macho mazima na simu mkononi tuna kisingizio gani?

Namna ya kurudi ni hii. Usijaribu kusoma kila kitu. Chagua eneo moja dogo. Tafuta makala ya mapitio ya miaka miwili mitatu iliyopita, isome polepole na kalamu mkononi, andika kila neno usilolijua. Makala nyingi hazina malipo: hifadhi ya mtandaoni ya arXiv imekuwa wazi tangu 1991 kwa fizikia, hisabati na jamaa zake, na tovuti ya PubMed itakupeleka kwenye maelfu kwa maelfu ya makala za tiba na biolojia. Ukikuta makala imefungwa, mwandikie mwandishi. Watafiti wengi hufurahi kuombwa.

Hisabati iliyoota kutu haiondolewi kwa kutazama video, na nasema hivi nikiwa napenda mihadhara ya mtandaoni. Inaondolewa kwa kukaa na karatasi na kufanya maswali hadi mkono ukumbuke. Integrali, matriksi, takwimu. Nusu saa kila siku ina faida kuliko Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi.

Halafu, na hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote, rudia mchoro mmoja. Chukua makala moja ambayo data yake iko wazi. LIGO wameweka data yao hadharani. NASA wana kumbukumbu za sayari zilizo nje ya mfumo wetu wa jua. Benki ya Data ya Protini ipo tangu 1971. Mtandao wa GBIF una rekodi za mimea na wanyama wa dunia nzima. Chagua mchoro mmoja ndani ya makala hiyo na uutengeneze mwenyewe kuanzia data ghafi. Utakwama. Utagundua waandishi walitupa baadhi ya vipimo na walieleza sababu kwenye tanbihi uliyoiruka. Utajifunza programu bila kujua kwamba unajifunza. Na ukimaliza, andika kurasa tatu: nilifanya nini, wapi nilipata jibu lao, wapi nilipata tofauti, nadhani ni kwa nini. Kurasa hizo tatu ni ushahidi mpya. Zina tarehe ya mwaka huu. Mwandishi wa barua yako anaweza kuzisoma na kuzitaja.

Ukishakuwa nazo, kumwandikia msimamizi unayemtaka hakutakuwa kigugumizi tena. Nimepokea barua pepe nyingi zinazoanza "Mheshimiwa Profesa, nimevutiwa sana na utafiti wako uliotukuka", na nikisoma hadi mwisho sioni dalili kwamba mtu huyu amefungua hata makala moja. Linganisheni na hii: "Nilihitimu biolojia, kisha nikafanya kazi miaka saba katika maabara ya hospitali. Nimejaribu kurudia mchoro wa tatu wa makala yako nikitumia data uliyoiweka wazi, na thamani zangu ziko juu kidogo kuliko zako katika kundi la mwisho. Je, uliondoa sampuli zenye usomaji hafifu? Natafuta nafasi ya uzamivu mwaka ujao na ningependa kujua kama utapokea mwanafunzi." Mistari mitano. Nani hatajibu hiyo? Wapo ambao hawatajibu, kwa sababu barua ni nyingi. Subiri wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine.

Alama mbovu za zamani nizigusie tu. Zieleze kwa sentensi mbili, usizifiche, halafu soma kozi moja ngumu sasa, kwa mtihani na cheti, kama mwanafunzi wa muda asiye wa shahada ikiwezekana. Alama mpya moja nzuri inazungumza kuliko aya nzima ya maelezo.

Sasa masharti, kwa haraka, kwa sababu haya mnaweza kuyasoma wenyewe na yanabadilika kila mwaka. Someni tangazo la mwaka husika, msitegemee maneno ya mtu, hata yangu. Matokeo ya GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu hasa Marekani, hudumu miaka mitano, na idara nyingi za sayansi hazidai tena mtihani huo. Mitihani ya Kiingereza ya TOEFL na IELTS ni miaka miwili, kwa hiyo ule mtihani wako wa zamani umeshakwisha muda wake. Vyuo vingi vya Marekani hupokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu wa sayansi, na kwa kawaida hulipa ada yake na posho kwa kazi ya kufundisha au ya utafiti. Ulaya mara nyingi hudai uzamili kwanza, na katika nchi kama Ujerumani, Uholanzi na Sweden nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama ajira, yenye mshahara na usaili.

Kuhusu muda, kuna ufadhili unaoupenda mwendo wenu na kuna usioupenda. Chevening ya Uingereza inadai angalau miaka miwili ya uzoefu wa kazi, kwa hiyo hapo miaka yako ni sifa. Uzamili wa Erasmus Mundus, wa Umoja wa Ulaya, hauna ukomo wa umri. Programu za DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, za masomo yanayohusu maendeleo hutaka uzoefu wa kazi, lakini pia hutaka shahada yako ya mwisho kwa kawaida isiwe imepita miaka sita. Ndugu yangu uliyemaliza miaka mitano iliyopita, umesikia? Wewe usisubiri mwakani. Ada za kutuma maombi nazo hukusanyika haraka, kwa hiyo kabla ya kulipa mwandikie mratibu wa udahili uulize kama kuna msamaha. Vyuo vingi vinao, ila hawautangazi kwa sauti.

Na mezani nyumbani zungumzeni fedha mapema. Posho ya mwanafunzi wa uzamivu ni ndogo kuliko mshahara wa mtu aliyekaa kazini miaka kumi. Muulize msimamizi mtarajiwa, na waulize wanafunzi wake bila yeye kuwepo: posho inatosha mtu mwenye watoto? Bima inahusu familia? Ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi? Watu wazima huuliza maswali haya, na hakuna msimamizi wa maana atakayekuona mchoyo kwa kuyauliza.

Nimalizie na majibu yakishaanza kuingia. Mengi yatakuwa hapana. Wakati mwingine hapana hiyo haikuhusu kabisa: msimamizi hakupata fedha mwaka huo, au amehama, au idara imechukua wanafunzi wanne badala ya kumi. Mwandikie kwa ufupi, mshukuru, muulize kama kuna jambo moja ambalo lingeimarisha faili lako. Baadhi hujibu, na jibu hilo ni la thamani. Mwaka unaofuata tuma tena palepale ukiwa na kitu kipya ndani ya faili. Nimeona watu wakikubaliwa na idara ileile iliyowakataa, na tofauti ilikuwa kurasa chache na barua moja mpya.

Na ikija ndiyo, usikimbilie kusaini usiku huohuo. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa ya ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Tumia siku hizo. Zungumza na wanafunzi wa maabara ile, hasa waliokaribia kumaliza. Waulize walikaa miaka mingapi, na wale walioondoka bila kumaliza waliondoka kwa nini.

Nimeona kuna karatasi za maswali zimekusanywa pale mbele. Niletewe, nitaanza na zile za waliosoma kemia, maana nimeambiwa ndio wengi leo. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.